Ile Siku Balipasula Imbwa Yako

Baba,

Kapepe anaishi. Naanza na ile, sababu najua ungeuliza habari ya imbwa yako mbele ya kuuliza habari ya sisi batoto.

Miezi mbili kisha kukuzika hapa Mantapala, ndani ya kambi ya bakimbizi, Kapepe aliacha kula. Tumbo ilivimba, akawa anakunywa maji bila kushiba, usaha ikaanza kutoka nyuma. Nilimugusa vile ulinionyesha kule Pweto, kwetu Kongo, wakati ulikuwa infirmier ya nyama, muganga ya imbwa na mbuzi, na mimi nilikuwa nakubebea sanduku ya dawa. Nikajua: ni kizazi. Mama akasema, "Feza, batu banakosa dawa, weye unataka kupeleka imbwa hospitali?" Hakusema kwa ubaya. Kilio ilikuwa imemuchokesha.

Nilimuweka ndani ya kitunga nyuma ya kinga, ile baisikeli yetu, nikapiga pedale mpaka Nchelenge.

Dokta ya nyama kule ni mwanamuke Muzambia. Alisema tutamupasula kesho, na tangu magaribi asikule kitu. Akataka kunieleza sababu, nikamutangulia: asitapike ndani ya usingizi, matapishi ikamuziba pumuzi. Akaniangalia.

"Nani alikufundisha?"

"Baba yangu."

Baba, ile neno niliisema na shingo juu.

Asubuhi alimunyoa tumbo, akamupiga sindano ya usingizi. Macho ilibaki wazi, ulimi ikaanguka inje. Pale njo wenye nyama banapiga kelele, banafikiri amekufa. Mimi nilibaki. Dokta alinipa kazi ya kuangalia pumuzi na rangi ya ufizi. Katikati ya kazi, ufizi ikaanza kuwa nyeupe.

"Dokta, rangi inapotea!"

Hakuuliza mara mbili. Aliacha kisu, akanyoosha shingo ya Kapepe, akavuta ulimi, akaanza kumupulizia hewa na mufuko ya kukamua kwa mukono. Nilikuwa nahesabu na kuomba, sijui nilihesabu vizuri. Kama angekufa, Baba, ningekuzika mara ya pili. Kisha rangi ikarudi, polepole. Ile kizazi ilitoka imejaa usaha, nzito kama samaki mukubwa ya ziwa Mweru.

Kuamuka njo ilikuwa nguvu. Alilia, alitetemeka, alijikojolea, aliniangalia kama hanijui. Ulisemaka, "Ile kilio ni dawa inatoka. Usimupe chakula mbio. Mufunike, umuongeleshe, ungoje." Nilimufunika na kikwembe yangu. Nikamuongelesha juu yako, mpaka mukia ikapiga chini mara moja.

Siku kumi ilikuwa hakuna kuruka, hakuna kulamba kidonda. Nilikata bidon ya manjano, dumu ya maji, nikamuvalisha kwa shingo, kinywa isifike kwa kidonda. Batoto ya jirani bakamuita Antena, sababu alifanana na sahani ya televizyo. Na Mama, ule alikataa, njo alikuwa anamufichia vidonge ndani ya bukari, ugali yetu. Nilimukuta anamuambia, "Kula, mutoto yangu, kula." Siku ya kutoa uzi, kidonda ilikuwa kavu kabisa.

Sasa siku ya kupasula, Dokta ananiita. Nashika nyama, lakini kazi yangu kubwa ni kuongea na wenye nyama, kwa Kibemba na kwa Kiswahili. Hii juma ilipita, muzee moja alitoka kijiji ya Kabuta na imbwa yake yenye muguu ya kuvunjika. Alikuwa anatetemeka kupita imbwa. Nikamuambia kwa Kibemba, "Tata, utamukuta amenyolewa, atalia, leo pengine hatakutambua. Kesho atakutambua. Akikataa kula mpaka kesho kutwa, ao kidonda ikinuka, umurudishe hapa, usingoje." Alinisikiliza kama nilikuwa mukubwa. Imbwa ilipoamuka na kulia, kila mutu alishituka. Yeye peke yake alikaa chini, akamuekea mukono kwa kichwa, akangoja.

Hapa banazoea kuniita "binti ya infirmier". Kule Pweto ile jina ilikuwa inaniuzi, nilitaka baniite Feza. Sasa banapoita, naitika mbio.

Nakuahidi, Baba: sitamuficha mwenye nyama kitu, hata kama ni habari ya kufa. Na nitasoma mpaka siku ile kisu itakuwa ndani ya mukono yangu. Mama anakusalimia. Pumuzika. Kazi yako haikuzikwa.

Mutoto yako,
Feza