Jina Kwenye Mti wa Mpakani

Kentaki, Mei 1784

Mama mkwe mpendwa,

Ng'ombe amezaa, mahindi yameota, na mjukuu wako ameanza kutembea.

Unauliza mbona Asaheli haandiki. Mama, homa ilimchukua mwezi wa pili. Nilikosa moyo wa kukuambia.

Tulipohamia huku alichonga jina lake kwenye mti wa mpakani. Juzi jirani kanionya, "Shemeji, gome likilifunika, shamba limekwenda! Wapimaji wanafuata alama tu." Basi jana nilichukua kisu chake nikalichonge upya. Unajua mwanao alivyokuwa mrefu, sikulifikia. Nikapanda juu ya kigoda alichonitengenezea cha kukamulia. Nilipomaliza niligeuka, nikaliona shamba letu kama alivyokuwa akiliona yeye.

Sikushuka mpaka mtoto alipolia.

Binti yako bado,
Kezia