Kompyuta Yangu Iliyovaa Vitambaa

Jumatatu, 17 Machi 2025

Mie mzima, alhamdulillahi. Baba Najim mzima, yuko Arusha na lori. Najim mzima, yuko Dar kazini. Sabiha wangu mzima, yuko madrasa anapitia juzuu zake. Paka mzima, kashiba kuliko sisi tuliofunga. Mgonjwa mmoja tu — kompyuta.

Najim aliniwekea sebuleni, kaiunga na antena ya juu ya bati, inarekodi vipindi vya televisheni. Jumamosi alasiri Sabiha atasoma Qur'ani kwenye fainali ya watoto, Dar, ikirushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Mwalimu anachukua watoto tu, wazazi hatuendi. Baba yake atakuwa barabarani, na kituo kile hakirudii kipindi. Kaniomba nimrekodie, aje amsikilize baada ya futari. Nimeahidi.

Leo nimeijaribu kwa mapishi. Mpishi anatia tui — ikazima! Mchuzi sijui uliishia wapi.

Jumanne, 18 Machi 2025

Nimempigia Najim. Kauliza kama nafasi ipo. Kutazama, imejaa tamthilia zangu za Kituruki! Kasema futa. Nimefuta moja moja, na yule bibi harusi sijui hata kama aliolewa. Basi. Mwanangu kwanza.

Nimejaribu tena. Imezima.

Jumatano, 19 Machi 2025

Najim anasema labda vumbi. Nimepangusa vizuri, nikaongeza kitambaa cha pili juu ya kile nilichoifumia. Kwangu kila kitu kina kitambaa: televisheni, friji, redio. Kitu cha thamani hakikai uchi, na macho ya watu nayo! Paka kapapenda pale juu, halali tena pengine.

Leo imezima mapema zaidi. Nimeifukizia ubani.

Alhamisi, 20 Machi 2025

Imezima. Baba Najim kapiga, kauliza mashine vipi. Nikasema njema. Uongo na saumu — astaghfirullah.

Ijumaa, 21 Machi 2025

Leo sijui nianzie wapi! Kaja Bilkis, jirani yangu wa duka la nyuzi, na sambusa zake. Kaona kitambaa cha kompyuta, akataka kuiga lile ua la katikati. Kamfukuza paka, kaingiza mkono chini — kautoa mbio.

"Mama Najim, hii kompyuta au pasi?"

Nikamweleza habari ya vumbi. Kacheka mpaka kakaa chini. "Joto hili, shoga, vitambaa viwili na paka juu! Wewe ukivishwa hivyo utaifikia magharibi?"

Nikampigia Najim. Kauliza taratibu: "Mama, yale matundu ya ubavuni umeyafunika?"

Nikamwambia hayo ndiyo niliyoanza kuyafunika, si ndiko vumbi linakoingilia? Mtoto yule kacheka! Kumbe ndiko inakopumulia, na ikizidi joto inajizima yenyewe, isiungue. Tumeivua vyote. Imerekodi tangu alasiri mpaka adhana, haikuzima. Sambusa zimekuwa tamu, jamani!

Jumamosi, 22 Machi 2025

Kompyuta haina hata uzi. Paka kafungiwa jikoni, analalamika. Feni ya mezani nimeielekeza kwenye kompyuta, mie nitoke jasho tu. Kidoti chekundu kinawaka, maana yake inarekodi. Bilkis kafunga duka, yuko hapa.

Wawili wameshasoma. Wa tatu ni wetu.

Feni imekufa! Leo hii! Nimegusa ubavu — joto. Nimechukua kipepeo cha mkaa, napepea kwa kushoto, naandika kwa kulia, maana nikikaa bure nitapiga ukelele.

Kapanda jukwaani. Ile shela nyeupe niliyomshonea. Kaanza. Ya Rabi, sauti hiyo katoa wapi? Bilkis analia, ananivuta bega. "Inua macho, mtazame mwanao!"

Siwezi. Macho yangu kwenye kidoti. "Mtazame wewe," nikamwambia. "Mie nitamwona na baba yake."

Nimemtumia ujumbe Baba Najim: mwanao anasoma, mashine inapumua, ukisimama hapo njiani Msata nijibu upesi, nijue uji niuinjike saa ngapi. Hajajibu.

Bado anasoma. Bado chekundu. Mkono umechoka, nampa Bilkis kipepeo — hapana, anapepea polepole mno, leta —