Eproni ya Manjano Juu ya Majani Chai

Roret, Jumapili

Esnah mwanangu,

Huku niko salama. Ng'ombe amezaa ndama jike, na mvua ya mawe imepiga majani ya jirani, Mama Kinyua, ikaruka yetu. Nasema yetu kwa mazoea tu, maana tangu tumzike baba yako nachuna peke yangu.

Ulinieleza kampuni kubwa haichukui rubani mpaka akusanye masaa mengi kwa ndege ndogo. Nikakuombea kila Jumapili masaa yatimie. Yametimia. Sasa unapita juu sana, hata sijui niangalie ndege gani, na nikipiga simu naambiwa tu hupatikani.

Jana ile ndege yako ndogo ya zamani ilipita ikipeleka watalii Mara. Nikatandika eproni yangu ya manjano juu ya majani, vile tulizoea ukiirusha wewe, ili unione na kunisalimia. Ikainamisha bawa! Nilikimbia nikiita jina lako mpaka kikapu kikamwagika. Halafu nikakumbuka uko Doha.

Mwambie asante huyo rubani uliyemwachia kiti. Kumbe ulimwachia na mimi.

Ni mimi mama yako,
Nyabate