Mchoro wa Baba Uliosahihishwa

Lyamkena,
Makambako.
14 Juni 2025.

Mpendwa kaka Elius,

Kamwene! Mnaendeleaje huko Geita? Wifi Jenifa na wadogo hawajambo, na mgongo wako umepoa? Sisi tu wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Asubuhi naandika ubaoni nimevaa glovu. Mama yuko kijijini Yakobi, amemaliza kuvuna viazi na analalamika humpigii.

Sisi tunapigiana kila Jumapili, lakini hili nimeshindwa kulisema kwa mdomo. Ni ule mchoro wa marehemu baba, ambao wewe uliomba tuuweke mezani siku ya kujengea kaburi.

Unaukumbuka. Mwanao Brayson aliuchora akiwa darasa la sita: baba amekaa kwenye kigoda anachambua mbegu za viazi, bega moja limeshuka, na lile koti lake lisilo na vifungo. Picha nyingine tuliyo nayo ni ya kitambulisho tu, na humo amekodoa macho kama mtu aliyekamatwa. Baba tuliyemjua alibaki kwenye mchoro.

Nianze na kosa langu. Unajua Brayson yumo kwenye darasa langu la sanaa, kidato cha pili. Mwaka jana alichora jitu la sinema, kifua kama gunia la lumbesa lililofurika, bunduki begani. Mkono wake ulikuwa mzuri, nikafurahi, nikalibandika ukutani. Kaka, nilijiponza mwenyewe. Wavulana wote wakaiga. Nikisema wachore mkono unaofanya kazi, napata ngumi ishirini na tatu. Wanazitoa kwenye banda la video na kwenye simu. Niliwapeleka hata kwa wapasua mbao wachore mafundi halisi. Wakarudi na mafundi wasio na shati, kwa baridi hii!

Brayson mwenyewe amemimina zege kwenye makopo mawili, ananyanyua hapa uani kwangu kila akitoka shule, kisha anajipima kifua kwa kamba. Anadhani simwoni. Ana miaka kumi na tano na anauonea aibu mwili wake, nami sijui nimwambie nini.

Jumatatu iliyopita nilitoa mchoro kabatini niupeleke kwa fundi wa fremu. Baba amenyooka. Bega limepanda, makunyanzi yamefutwa, shingo imejaa, koti limebana kifua. Mbegu za viazi hazipo tena, amekunja mikono. Nililia, sikufichi. Nilipomwita Brayson hakuniletea ujeuri. Alisema, "Shangazi, siku hiyo watakuja watu wengi. Sikutaka wamwone babu mnyonge."

Utamchapa mtoto kwa hilo? Mimi sikuweza. Nilimwomba amrudishe babu alivyokuwa, akajaribu siku mbili, akaniambia hakumbuki tena. Hapo ndipo nilipoogopa, maana hata mimi nikifumba macho sasa namwona yule aliyenyooka.

Ndiyo sababu juzi nilikuomba picha yako bila kukueleza. Wewe ndiye uliyerithi sura ya baba, na bega lile lile. Nilifikiri Brayson atakutazama wewe ampate babu yake. Ukatuma ile uliyoegemea gari la bosi, miwani myeusi, kifua umekijaza pumzi, ngozi imelainishwa na simu hadi kovu la kidevu limepotea.

Nilimwonyesha. Alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki nzima, akasema, "Si unaona, shangazi? Hata baba."

Nikaurudisha mchoro kabatini, nikaketi kukuandikia.

Kaburi tunajengea tarehe 12 Julai. Msalimie wifi Jenifa, mwambie na Stella kuwa shangazi anamkumbuka. Mama anawaombea kila asubuhi, nami naitikia amina: Bwana awafikishe salama. Na ukija, kaka, nakusihi, vua miwani ukiwa bado ndani ya basi. Shuka na bega lako vile lilivyo. Nitamleta Brayson stendi na penseli.

Dada yako akupendaye, aliyeishiwa maneno,
Hulda.