Mfuniko Gani Tena

Mwenzangu, uko? Sikia yaliyonikuta.

Pacha kanisaliti. Pacha huyuhuyu tunayekaa meza moja kazini, anayekula kwetu kama ndugu!

Leo bosi alikuwa anachagua saketi ya kuzalisha mawimbi ya rada: yangu yenye kidonge cha kauri kinachoshika masafa chini ya mfuniko wa chuma, au ya Pacha yenye kopo la shaba. Nimetoka kunawa mikono tu, narudi nakuta ameshaiwasha yangu mbele ya bosi. Bila mfuniko!

Bila mfuniko. Na mimi ndiye niliyemfundisha kwamba kidonge kikiachwa wazi, masafa ya mawimbi yanahama.

Kwenye skrini ya kipimo mstari wa masafa unatangatanga kama kuku mgeni. Nikauliza, "Mfuniko wake uko wapi?" Pacha akanitazama usoni: "Mfuniko gani tena, dada?"

Mfuniko gani tena! Nikadhani kweli amesahau, unanijua nilivyo.

Bosi akasema rada haingoji visingizio, akachukua ya Pacha.

Baadaye Pacha akarudi peke yake, akautoa ule mfuniko mfukoni, akaniwekea kiganjani. "Usininunie, dada. Yako ingenishinda."

Nimeufunga, nimewasha. Mstari umetulia tuli, na hapa kazini niko peke yangu.