Nimemfundisha bosi uchumi

Dainess uko wapi?? Natoka kwenye usaili, kile kiwanda cha mbao kilichofungwa biashara ilipoanguka. Nacheka peke yangu stendi Makambako kama chizi.

Bosi kaniuliza swali jepesi tu: "Dada, tumefungua tena. Kwa nini tukuchukue wewe?"

Mimi nikaleta yale ya uchumi ninayosoma kwenye masomo ya jioni! Nikamwambia uchumi ukianguka biashara hurudi mapema, ila ajira huchelewa, kwa sababu mabosi wameshazoea kubana matumizi na kufanya kazi na watu wachache.

DAINESS. Nimemwambia hivyo BOSI.

Na muda wote nayumba kulia, kushoto, nambembeleza mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe nimemwacha Lyamkena kwa mama!!

Bosi akamgeukia mwenzake: "Huyu anatushauri tusiajiri." Wakacheka weee. Nikanyanyuka niondoke.

"Kaa," akasema. "Ni kweli unachosema. Mwanzo tulikuwa thelathini, leo nachukua wawili tu. Wewe ndiye wa pili."

Nimepata kazi, shoga!

Natoka nje, kina mama bado wamejaa kwenye benchi wanangoja kuitwa. Konsolata, aliyefanya kazi pale kabla hawajafunga, akanishika mkono: "Mdogo wangu, vipi, wanachukua?"

Nikamjibu wanauliza maswali mepesi.