Mashine Inayokata Simu

Jumatatu, 3 Agosti

Kipoza hewa cha maabara kimegoma tena. Nimemwaga maji sakafuni, maana pamba ikikauka mno mashine inaipima vibaya. Sampuli za makampuni yanayonunua pamba zimekwisha kabla ya mchana. Wenyewe wako Mwanza na Dar. Kompyuta zao zinapiga simu kwa kompyuta yetu hapa Bariadi, wanaingiza neno la siri, kila kampuni inasoma matokeo yake. Neno la meneja, Bwana Malimi, linafungua yote, ili asome hata akiwa nyumbani. Neno hilo silipendi. Nimeshasema, akacheka.

Mchana nimepima pamba ya kikundi cha Nkoma, cha mjomba Ngassa. Wakulima wa kwanza kuleta pamba yao wenyewe tangu soko lifunguliwe. Loo! Nyuzi ndefu, imara, nyeupe pe. Msimu huu sijaona kama hiyo. Cheti watafuata Alhamisi.

Alhamisi, 6 Agosti

Siku mbaya.

Mjomba amekuja. Nikapiga goti nikamsalimu, mwadila mjomba, akaitikia kwa furaha. Nikampa cheti, nikamweleza maana yake. Furaha ikaisha hapo hapo. Pamba wameshauza. Jumanne asubuhi lori la kampuni moja kubwa, kati ya hizi zinazosoma matokeo kwetu, lilifika Nkoma, likapita maghala ya watu wengine wote, likasimama kwao. Bei ya kawaida, taslimu. Wakamshukuru Mungu. Kumbe wameuza ng'ombe wa maziwa kwa bei ya mbuzi.

"Mwipwa, nani aliwaambia?"

Chumbani nilikuwa peke yangu na mashine. Ameondoka bila kuaga. Huyu ndiye aliyenipeleka shule kwenye keria ya baiskeli yake. Leo ananiona nimemuuza.

Nina hasira. Mimi si mwizi.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimemkabili Bwana Malimi. Nimesema kuna mtu anaingia kwa njia ya simu, na anatumia neno lako. Kaja juu. Neno hajampa mtu yeyote. Nisimvunjie heshima. Halafu akauliza kwa upole wa kinafiki kama kweli sikumdokeza mtu, hata kwa bahati mbaya.

Nilitoka nje nikanywa maji. Nikarudi kazini.

Jioni nimekaa na kitabu cha kile kisanduku kinachounganisha kompyuta na simu. Kiingereza chake kigumu kama mfupa. Lakini ninachokitaka kimo: kompyuta inapokea simu, inasikiliza neno, inakata. Kisha inapiga yenyewe, kwa namba iliyoandikishwa kwa neno hilo tu. Ukiiba neno la mtu, simu inalia kwa mwenye neno. Wewe unabaki na mdomo wazi.

Hilo nalitaka. Nitalipata.

Jumatatu, 10 Agosti

Wakulima wa Zagayu wameleta sampuli. Wamesikia ya Nkoma, wakaleta hivyo hivyo, nusu wakiamini. Wakaniangalia sana usoni.

Nimemwambia meneja sipimi hata sampuli moja mpaka mlango wa simu ufungwe. Akasema ataleta mtu kutoka Mwanza ashike nafasi yangu. Nikasema amlete, na aje na maelezo yake ya kuwapa Zagayu. Nikaketi. Mashine imezimwa, watu wapo kwenye benchi dirishani, wanatuona. Tumekaa hivyo mpaka jasho likamtoka.

Mwishowe: "Fanya. Makampuni yakilalamika utajibu wewe."

Nitajibu.

Jumatano, 12 Agosti

Imekubali! Nimehangaika siku nzima jana, leo imekubali. Kila neno na namba yake. Neno la meneja nimelifunga kwenye simu ya nyumbani kwake.

Malalamiko yameanza. Mkurugenzi mmoja wa Mwanza, mzee wa watu, kasema hajawahi kukatiwa simu na mtu wa Bariadi, sembuse na kompyuta. Kwetu mgeni akibisha unamkaribisha, humfungii mlango ukamfuata kwake. Nimemwomba radhi mara nyingi, nimemuuliza hali ya familia, hali ya mvua, hali ya ng'ombe. Ametulia. Mlango haufunguki ng'o.

Zagayu nimewapimia.

Ijumaa, 14 Agosti

Khaa! Sijui nicheke au nilie.

Asubuhi mama Malimi kaingia ofisini kama upepo, khanga imefungwa kiunoni. Hakusalimia. Anataka jina la huyo mwanamke. Tangu juzi simu ya nyumbani inalia, akipokea anapigiwa miluzi na makelele sikioni, halafu inakatwa. Juzi, jana, leo alfajiri. Malimi anaapa kwa jina la marehemu baba yake kwamba hana mwanamke. Mama anasema basi ana ndege.

Mimi nikajua. Miluzi hiyo ni kompyuta yetu. Kuna mtu anaandika neno la meneja, na kompyuta inamtafuta meneja kwake.

Nikaeleza. Mama akaketi. Meneja yakamtoka. Msiba wa baba yake, Machi. Alikuja rafiki yake wa Dar, Mzaramo, mtani wetu, karani mkuu wa ile kampuni kubwa. Watani walikuwa wanateka vitu vya msiba kama kawaida yao: huyu kuku, yule kiti cha mfiwa. Wafiwa wakomboe ndipo vinarudishwa. Huyo karani akasema hataki kuku, anataka neno la mashine, la sivyo jeneza halitoki. Watu wakacheka mpaka wakalia. Malimi akamtajia. Nani anamnyima mtani msibani?

Hakulibadilisha baadaye. Aliona kulibadilisha ni kuonyesha kwamba alichukulia utani vibaya.

Nilitaka kumpigia kelele. Nikaona macho yake, nikaacha. Lakini nimemwambia wazi: kaseme Nkoma kwa mdomo wako. Barua sitaki.

Jumapili, 16 Agosti

Amekwenda. Nimesikia kanisani. Alisimama mbele ya ghala lao akasema yote, msiba, utani, neno. Wengine walimzomea. Hasara haikurudi. Ile kampuni inasema ilinunua kihalali, na karani wao ati yuko likizo.

Mjomba hajaniletea salamu.

Ijumaa, 21 Agosti

Mjomba alifika mapema, na furushi la pamba ya mchumo wa pili. Hakuzungumzia yaliyopita. Aliweka furushi mezani, akakaa kwenye benchi, akasubiri.

Nimepima mara mbili kwa sababu nilitamani nimekosea. Nyuzi fupi. Wadudu wameingia. Ya kawaida kabisa, pengine chini kidogo. Nimemwambia kama ilivyo.

Amekisoma cheti polepole, kidole kikifuata mistari. Akauliza nani mwingine anajua. Nikamwambia hakuna, wewe na mimi tu. Mpaka utakaposema.

"Wabeja, mwipwa," akanishukuru. "Mbaya, lakini ni yetu."

Amekikunja, akakitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Atauza mapema kabla bei haijashuka. Nimemsindikiza mpaka barabarani.